Shahada ni Tabora, Si Ujiji: Mazungumzo Juu ya Kuchagua Chuo cha Sheria

(Yafuatayo ni maandiko kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Serikali, wazazi, na vijana wanaokusudia kusomea sheria. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)





Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa, mashauri huanza majumbani. Miongoni mwa fani zinazotajwa kwa wingi katika mashauri hayo ni sheria. Mzazi hutaka mwanawe awe wakili. Kijana hutaka chuo kilichopo katika mji mkubwa. Jirani huleta habari kwamba chuo fulani ni rahisi kuingia na ada yake ni nafuu. Ni mara chache kusikika suala ambalo ndilo lililostahili kutangulia yote hayo, nalo ni hili: baada ya kuhitimu, kijana huyo anakusudia kusimama katika mahakama ipi, upande upi wa Muungano, na kwa kazi gani? Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonesha kwamba suala hilo ndilo la kwanza, na kwamba chuo huchaguliwa baada ya kulijibu, si kabla yake.

Ili jambo hili lieleweke, mfano utachukuliwa kutoka Tabora. Mji huo uko mbali na visiwa hivi, lakini si mji wa wageni. Mwenyeji wa Unguja anayefika Tabora leo hukuta mtaa unaoitwa Ng'ambo na mwengine unaoitwa Mtendeni, majina ambayo ameyaacha nyumbani. Hayo ni mabaki ya njia ya misafara iliyoanza pwani, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe na kuendelea mpaka Ujiji katika ufuo wa Ziwa Tanganyika. Mitaji mingi ya misafara ile ilitoka Zanzibar, na pembe nyingi zilizorudi zilishushwa katika forodha ya Zanzibar. Ilikuwa pia njia ya huzuni, kwani pamoja na pembe walitembezwa wanaadamu waliofanywa watumwa. Hilo halistahili kusahauliwa.

Safari ile ilikuwa ndefu. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora. Njiani msafara ulilipa ushuru kwa watemi, ushuru ulioitwa hongo, neno ambalo siku hizo halikubeba maana mbaya ya leo. Aghalabu mapatano ya wapagazi walioajiriwa pwani yalikwisha hapo hapo Unyanyembe. Mpagazi alitua mzigo, akalipwa kilichobaki katika ujira wake, na mwenye msafara akalazimika kutafuta wapagazi wengine na kufunga mapatano mapya. Aidha, Tabora ilikuwa njia panda. Aliyetaka Ujiji alishika njia ya magharibi, na aliyetaka Karagwe na Buganda alishika njia ya kaskazini. Kwa hiyo aliyefika Tabora alikuwa amefika mahali pakubwa, lakini alikuwa bado hajamaliza safari. Ambaye hakujua aendako alikaa hapo akila posho yake mpaka ikamalizika.

Shahada ya kwanza ya sheria ina hali hiyo hiyo. Ni Tabora, si Ujiji. Mwanafunzi anayeipata amefika mahali pa heshima, lakini mbele yake kuna safari nyengine yenye mapatano mapya, mitihani mipya na gharama mpya, na kuna njia zaidi ya moja.

Ndugu wananchi, inafaa kwanza kukumbuka kwamba neema ya kuchagua si ya zamani. Tabora ilikuwa na skuli ya Serikali iliyofunguliwa mwaka 1922, na humo wamesoma viongozi wengi, akiwemo Mwalimu Julius Nyerere. Hata hivyo, kijana wa Tabora wa wakati ule aliyetamani sheria hakuwa na chuo cha kuomba katika Afrika Mashariki yote. Waliotaka kuwa mawakili ilibidi wende London katika vyuo vya mawakili vya huko, na wenye uwezo huo walikuwa wachache mno. Vyuo vile viliwafundisha sheria za Uingereza, na si mila za Wanyamwezi, wala mirathi ya Kiislamu, wala ardhi ya vijiji.

Mwaka 1961 kamati iliyoongozwa na jaji wa Kiingereza, Lord Denning, ilitoa ripoti juu ya elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Kiafrika, na ikaunga mkono sheria ifundishwe katika Afrika yenyewe. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, kabla bendera ya Tanganyika huru haijapandishwa, masomo ya sheria yalianza Dar es Salaam katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wa kwanza hawakuzidi idadi ya darasa dogo la skuli, na kitivo hicho ndicho kilichotangulia masomo mengine yote ya chuo kile. Leo kinaitwa Shule Kuu ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walisoma hapo vijana wa nchi mbali mbali za Afrika Mashariki. Marehemu Samuel Sitta, mzaliwa wa Urambo katika Mkoa wa Tabora, alihitimu shahada ya sheria hapo mwaka 1971, na baadaye alikuwa Spika wa Bunge kuanzia mwaka 2005 hadi 2010. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 2011 hadi 2016, naye ni mhitimu wa chuo hicho.

Kwa miaka mingi, basi, suala la kuchagua halikuwepo. Palikuwa na mlango mmoja, na aliyeukosa alirudi. Hali ilibadilika katika miaka ya 1990. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kikafungua njia ya kusoma sheria bila ya kuacha kazi. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichopo Tunguu, kilianzishwa, na Sheria pamoja na Sharia ya Kiislamu zikawa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Baadaye vyuo vyengine vikafuata, vya Serikali na vya watu binafsi, vya madhehebu na vya mashirika. Leo kijana ana milango mingi, na kwa sababu hiyo hatari yake si kukosa mlango bali ni kuingia usiomfaa.

Hatari hiyo ilidhihirika mwaka 2022. Kwa upande wa Tanzania Bara, mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili hana budi kupita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kazi mwaka 2008. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu. Wanafunzi 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 waliondolewa. Wote hao walikuwa tayari na shahada. Wote walikuwa wamekwishafanyiwa sherehe majumbani kwao. Jambo hilo lilizua mjadala nchini, na Waziri mwenye dhamana ya sheria aliunda kamati iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kulichunguza. Wapo waliolaumu vyuo vikuu kwa kutoa wahitimu wasioandaliwa vyema, na wapo walioilaumu Taasisi yenyewe. Mazungumzo haya hayakusudii kuamua nani mwenye makosa. Yanakusudia kumwambia mzazi kwamba jina la "shahada ya sheria" peke yake si dhamana, na kwamba namna mwanafunzi alivyosomeshwa katika ile miaka mitatu au minne ya mwanzo ndiyo inayopimwa katika hatua ya pili.

Sasa ielezwe njia panda yenyewe. Watu wengi husema "mwanasheria" kana kwamba ni kazi moja, ilhali ni kazi nyingi. Yuko wakili wa kujitegemea. Yuko hakimu, na baadaye jaji. Yuko mwendesha mashtaka. Yuko mwanasheria wa Serikali anayeandika miswada na mikataba. Yuko kadhi. Yuko afisa sheria katika benki, bima au shirika. Wako pia makarani wa mahakama na wasaidizi wa sheria, ambao bila yao mahakama hazendi. Kwa kazi hizi za mwisho, na kwa yule ambaye alama zake hazikumfikisha chuo kikuu, kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, kinachotoa cheti na stashahada ya sheria. Mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba shahada baadaye. Njia hiyo ni ndefu lakini si ya aibu, na imewafikisha wengi.

Kwa mwananchi wa Zanzibar kuna jambo jengine lisilopaswa kupuuzwa. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayovitambua vyuo vikuu vya pande zote mbili. Mahakama, hata hivyo, si hivyo. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, mahakama zake za chini, sheria zake na orodha yake ya mawakili. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ndiyo inayoziunganisha pande mbili, tena si kwa kila shauri. Kwa hivyo kijana anaweza kusoma Dar es Salaam, Mwanza au Tunguu na shahada yake ikatambuliwa kote, lakini ruhusa ya kusimama mbele ya hakimu kama wakili hutolewa na kila upande kwa masharti yake. Asiyelijua hili mapema huja kulijua akiwa na shahada mkononi na masharti mengine mbele yake.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Zanzibar ina Mahakama ya Kadhi, ambayo sasa inaongozwa na Sheria Namba 9 ya mwaka 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1985. Tanzania Bara haina mahakama za kadhi za Serikali tangu mwaka 1963. Muislamu wa Tabora anayefiwa na mzazi wake hupeleka shauri la mirathi katika mahakama za kawaida, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, na hakimu hutakiwa kuamua ikiwa marehemu aliishi kwa kufuata Uislamu au mila za kabila lake. Mji ule una Waislamu wengi tangu enzi za misafara, na una Wanyamwezi wenye mila zao. Katika familia moja mnaweza kuwamo yote mawili. Hakimu ambaye hakusoma sura ya mirathi ya Kiislamu wala sheria za mila atagawa mali ya mayatima kwa kubahatisha. Hapo ndipo ubora wa chuo cha sheria unapogeuka kuwa haki ya mtu au dhulma ya mtu.

Kwa mnasaba huo, anayetaka kuwa kadhi, au anayetaka kufanya kazi katika mashauri ya familia visiwani, atafute chuo kinachosomesha Sharia kwa dhati, na ahakikishe kuwa anakijua Kiarabu kwa kiasi cha kufungua kitabu cha fiqhi bila ya mkalimani. Anayetaka mikataba ya biashara, bandari na utalii atafute chuo chenye walimu wa masomo hayo. Anayetaka kurudi Tabora au Urambo, ambako mashauri ya ardhi ya vijiji na mikataba ya wakulima wa tumbaku ni mambo ya kila siku, atazame iwapo Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasomeshwa kwa kina au zinapitiwa kwa haraka.

Ndugu wananchi, baada ya kuijua njia, yapo masuala ambayo mzazi na kijana wanapaswa kuyauliza kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Kwanza, je, chuo na programu yenyewe ya sheria vimetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu? Kutambuliwa kwa chuo si lazima iwe kutambuliwa kwa kila somo lake. Tume imewahi kuvizuia vyuo kudahili wanafunzi wapya, na vipo vilivyofungwa. Jibu la suala hili litafutwe kwa Tume yenyewe, si katika tangazo la chuo. Anayekusudia kusoma nje ya nchi aulize pia, kabla ya kuondoka, kuhusu utaratibu wa kuithaminisha shahada yake atakaporudi.

Pili, je, walimu ni akina nani, na wangapi wako chuoni muda wote? Chuo kinachotegemea walimu wa kupita huwa na ratiba nzuri katika karatasi na madarasa matupu wiki ya tatu.

Tatu, je, maktaba ina hukumu za mahakama na sheria zilizorekebishwa? Mwanafunzi wa sheria asiyesoma hukumu ni kama fundi seremala aliyeonyeshwa picha za msumeno.

Nne, je, wanafunzi hufanya mazoezi ya kesi katika mahakama ya mafunzo, na je, hupelekwa kufanya kazi katika mahakama na ofisi za sheria? Kwa upande huu mji mdogo unaweza kuushinda mkubwa. Tabora, kwa mfano, ina Mahakama Kuu, Kanda ya Tabora, pamoja na mahakama za chini, zote katika mji ambao mtu anaweza kuuvuka kwa baiskeli. Mwanafunzi aliye karibu na mahakama, anayekwenda kuketi nyuma na kusikiliza, hujifunza mambo ambayo mwenziwe wa mji mkubwa huyakosa kwa kukaa saa mbili katika foleni ya magari.

Tano, je, wahitimu wa chuo hicho hufanya vipi katika hatua ya pili? Suala hili waulizwe wahitimu wenyewe, wale waliofaulu na wale walioanguka. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Sita, je, gharama yote ni kiasi gani? Hesabu isiishie katika ada ya mwaka wa kwanza. Iwekwe nauli, makaazi, vitabu, na gharama ya mafunzo ya vitendo baada ya shahada. Familia nyingi huuza shamba la mikarafuu au kiwanja kwa ajili ya shahada, kisha hukosa cha kuuza kwa ajili ya hatua ya pili. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa mwaka 2011, iulizwe mapema ni masomo gani na hatua zipi inazozigharamia kwa mwaka husika.

Saba, je, lugha? Vyuo vikuu vinasomesha sheria kwa Kiingereza, na anayekiingia chuo akiwa dhaifu wa Kiingereza atapata taabu. Lakini tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama kwa upande wa Tanzania Bara, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa katika hali maalum. Mwaka huo huo pia mawakili, ambao kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kusimama katika Mahakama za Mwanzo, walifunguliwa mlango pale panapokaa hakimu mkazi. Maana yake ni kwamba wakili wa kesho atahitaji kuandika na kuzungumza Kiswahili cha sheria kilichonyooka mbele ya mkulima wa Sikonge na mvuvi wa Nungwi. Chuo kinachomzoesha mwanafunzi kuandika lugha zote mbili kina faida kubwa juu ya kisichofanya hivyo.

Neno moja ni kwa wafanyakazi wa Serikali wanaotaka kusoma wakiwa kazini. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, Tabora na Zanzibar vikiwemo, na wengi wamefaidika nacho. Hata hivyo masomo hayo yanataka nidhamu kuliko ya darasani, kwani hakuna kengele ya kumwamsha mtu. Mfanyakazi apate kwanza ruhusa ya maandishi ya mwajiri wake, na aulize iwapo muundo wa utumishi katika idara yake una nafasi ya afisa sheria. Shahada isiyo na nafasi katika muundo haimpandishi mtu cheo kwa sababu tu ameipata.

Na neno moja ni kwa wazazi. Si kila kijana mwenye maneno mengi ni mwanasheria. Kazi hii inataka subira ya kusoma, uaminifu wa kutunza siri na fedha za watu, na moyo wa kumsikiliza mnyonge mpaka amalize. Mtoto asiyekuwa na hayo asisukumwe kwa ajili ya sifa ya nyumba.

Ndugu wananchi, wenye misafara waliofanikiwa walianza hesabu zao kutoka mwisho wa njia. Waliuliza kwanza Ujiji kuna nini, na kutoka Tabora hadi Ujiji kunahitaji wapagazi wangapi, ndipo wakafunga mizigo pwani. Kijana anayetaka sheria na aanze vivyo hivyo. Aichague mahakama, kisha aulize masharti yake, kisha akitafute chuo kitakachomfikisha huko. Fomu za maombi zijazwe baada ya hapo.

Wenye masuala juu ya masharti ya uwakili na ya kazi za mahakama kwa upande wa Zanzibar wanashauriwa kufika katika ofisi za Mahakama Kuu wakati wa saa za kazi. Wenye masuala juu ya kutambuliwa kwa vyuo waiandikie Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na kuhifadhi majibu watakayopewa.